Oili ya Difu: Ibadilishwe Lini?

Wanachama wetu wenye malori ya kuvuta kwa magurudumu yote manne hubadilisha oili ya injini bila ya kukumbushwa. Oili ya difu huisahau mpaka difu ianze kulia, na ikishalia aghalabu meno yake yamekwisha kulika.

Tuazime mfano kutoka bara, wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. (Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012.) Wenzetu wa huko walima kahawa, na magunia yao hutoka mashambani kama yatokavyo ya karafuu: kwa njia za vilima na udongo, ambazo mvua za Machi hata Mei, na zile za mwisho wa mwaka, huzigeuza utelezi. Lori lenye mzigo hupanda kilima kwa gia ndogo, kisha huteremka bondeni likaingia majini. Hapo ndipo penye hatari.

Vitabu vya watengenezaji wengi wa magari haya hutaja kiasi cha kilomita 40,000 kwa kazi nyepesi, na nusu yake kwa kazi ya mzigo, matope na vumbi. Mkulima asijidanganye kwamba kazi yake ni nyepesi. Sisi twashauri kilomita 20,000, au mara moja kwa mwaka kabla ya mavuno, lolote litakalotangulia.

Lakini hesabu hiyo yote huvunjika lori likiisha vuka maji yenye kufika kwenye ekseli. Difu ikifanya kazi hupata moto, na hewa ya ndani hutanuka ikatoka kwa kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Ikizama ghafla katika maji ya baridi, hewa husinyaa na difu huvuta pumzi. Maji na tope huingia kwa kitundu hicho, au kwa sili zilizochakaa. Basi likaguliwe siku ile ile. Gari likipoa, fungua nati ya kujazia uchovye kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji: imwagwe, hata kama ilitiwa jana. Maji hayakingi chuma kisisage chuma, tena huotesha kutu katika beringi. Mpira mwembamba wa kukipandisha kitundu hadi juu karibu na bodi ni kitu cha bei ndogo, nasi twausifu sana.

Difu ni mbili, na ya mbele ndiyo isahauliwayo.

Siku ya kubadilisha, anza kwa nati ya juu. Ukimwaga kwanza, kisha nati ya juu ikagoma, utabaki na lori lisiloweza kwenda hata kwa fundi. Mwaga oili ikiwa vuguvugu. Ikiwa nati ya chini ina sumaku, unga laini wa chuma si neno. Vipande vya meno ni khabari nyingine, mwite fundi. Malori mengi hutaka oili ya GL-5, 80W-90, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu, khasa difu ikiwa ya aina isiyoruhusu gurudumu moja kuzunguka ovyo. Oili hiyo isitiwe katika gia boksi ila kitabu kiruhusu, kwani yaweza kula shaba iliyomo. Jaza, lori likiwa mahali tambarare, mpaka ianze kuchuruzika tunduni. Ile chafu iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mikarafuu.