Maua Bila Vikonyo

Mtoto wa miaka mitatu akiachiwa bustani asubuhi, hakawii kusahau chai. Akirudi ndani, ngumi imefumbwa: mna asumini tano zilizosagika, jani la mwembe, na pengine chungu mmoja mwenye hasira. "Mama, shika!" Maua yenyewe hayana vikonyo hata kimoja, na mama huishia kuyaelesha kwenye kikombe cha maji.

Si uharibifu. Ili kikonyo kibaki, mkono mmoja lazima uzuie tawi huku kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili vikikata. Kuokota kitu kidogo kwa vidole viwili mtoto hujifunza kabla hajatimiza mwaka. Kuipa mikono miwili kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja ni somo refu zaidi.

Macho nayo yanafaidi. Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya waliokuwa wakiona vizuri mwanzoni walikuwa hawaoni mbali vizuri, dhidi ya 39.5 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Inadhaniwa kwamba mwanga mkali wa mchana huchochea dopamini kwenye retina, nayo huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Udongo kwenye kucha je? Mwaka 2020, watafiti wa Finland walieleza jinsi walivyotandaza udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya changarawe vya shule za chekechea. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walicheza humo siku 28. Bakteria wa ngozi zao wakawa wa aina nyingi zaidi, na damu ikaonyesha dalili za kinga iliyotulia, isiyoshambulia ovyo. Utafiti ulikuwa mdogo, watoto 75 tu, na haukuthibitisha kwamba waliugua mara chache. Huku kwetu, penye minyoo, sabuni bado ina kazi yake kabla ya kula.

Cha kuogopwa zaidi ni mdomo. Olianda, ile ya maua ya waridi inayopandwa kando ya barabara na kwenye ua wa hoteli, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kuanzia jani hadi mbegu. Mnanaha, wenye maua kama tarumbeta, huleta mawenge na homa kali. Mimea hiyo isiwepo kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Halafu kuna vinka, kiua chenye petali tano, asili yake Madagaska. Nacho hakitafunwi. Ila ndani yake hutolewa vinkristini, dawa ambayo tangu miaka ya 1960 hutibu saratani ya damu, hasa ya watoto.