Mifuko chini ya macho: mambo ya kujua kabla ya kukubali kisu



Kuna ulizo moja linalotufikia kila mara kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, wakati wengine wamekwisha kuhesabu pesa za likelemba na kwenda zao: «Hii mifuko iliyo chini ya macho yangu, ni kweli munganga anaweza kuitoa?»

Jibu ni ndiyo. Upasuaji wa kope ya chini upo, unajulikana, na umefanywa kwa watu wengi duniani. Lakini jibu hilo fupi halitoshi. Jicho ni moja tu kila upande, halina la akiba. Tena tumeona kwamba dada akitaka jambo hili, mara nyingi analificha: kwa bwana, kwa wakwe, hata kwa rafiki. Juma hili tunataka kueleza upasuaji wenyewe, na kwa nini siri hiyo ni hatari kuliko kisu.

Tusimcheke anayeuliza

Wengine watasema: «Ni majivuno ya watu wenye pesa.» Tusikimbilie kuhukumu. Mmoja wa wanganga wa kwanza kufanya upasuaji wa namna hii alikuwa mwanamke, Suzanne Noël wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1878. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alijifunza kutengeneza nyuso za askari walioharibiwa na risasi na mabomu. Baadaye alipokea wanawake wa Paris ambao uso wao ulianza kuzeeka na ambao waliogopa kupoteza kazi kwa sababu hiyo. Mwaka 1926 alitoa kitabu juu ya faida ya upasuaji huo katika maisha ya watu. Ni yeye pia aliyeanzisha huko Paris, mwaka 1924, klabu ya Soroptimist, chama cha wanawake kama sisi.

Kwa hiyo mwanamke anayetaka uso usioonekana umechoka hana dhambi. Ana haki ya kupewa ukweli wote.

Mifuko hiyo inatoka wapi

Jicho limelazwa juu ya mafuta laini, kama yai juu ya pamba. Katika kope ya chini mafuta hayo yako sehemu tatu, na kuna utando mwembamba unaoyazuia yasitokeze mbele. Miaka ikiongezeka, utando huo unalegea na mafuta yanasukuma ngozi. Hapo tunaona mfuko. Katika jamaa nyingine inaanza mapema, hata kabla ya miaka 30, kwa sababu mama na nyanya walikuwa nayo. Si ishara ya pombe wala ya maisha mabaya.

Unaweza kujipima mbele ya kioo. Tazama juu bila kuinua kichwa. Mfuko ukitokeza zaidi, yawezekana ni mafuta. Kama uvimbe ni mkubwa asubuhi na unapungua jioni, mara nyingi ni maji yaliyokusanyika, na kisu hakitoi maji. Kukosa usingizi, kulia, na chakula chenye chumvi nyingi kama makayabu vinaweza kuleta uvimbe wa namna hii. Na kama shida yako ni weusi tu chini ya macho, ujue kwamba rangi iko ndani ya ngozi yenyewe. Kutoa mafuta hakuondoi rangi hiyo.

Uvimbe ambao si wa urembo

Hapa tunaomba kila mama asome polepole, hata yule asiyewaza kamwe juu ya upasuaji.

Mtoto akiamka kila asubuhi na macho yamevimba, kisha miguu au tumbo navyo vikavimba, au mkojo wake ukatoa povu, huenda ni figo. Asipewe dawa ya macho tu. Apelekwe hospitali apimwe mkojo.

Mama mwenye mimba iliyopita miezi mitano, akivimba uso na mikono, kichwa kikauma sana au macho yakaona giza au nyota, aende hospitali siku hiyohiyo. Tansio yake ipimwe. Ugonjwa huo unaua mama na mtoto.

Mtoto au mtu mzima ambaye jicho moja limevimba, ni jekundu, linauma, na ana homa, naye asingoje kesho.

Mafuta na sindano za saluni

Dada wengi wanaanza na tube za sokoni zinazoahidi kungʼarisha chini ya macho. Soma kilichoandikwa juu yake. Ukiona jina clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa kali ya kotikoidi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote ya mwili. Dawa hiyo ikipakwa hapo kwa miezi, inaweza kuongeza msukumo ndani ya jicho na kuharibu kuona polepole, bila maumivu. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Nayo hydroquinone ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya buluu, ambayo ni vigumu sana kuyaondoa.

Kuna pia wanaopiga sindano za kujaza chini ya macho, nyumbani au katika saluni. Wanganga waliofundishwa wanatumia dawa fulani za namna hiyo. Lakini chini ya macho kuna mishipa ya damu inayoungana na ile ya jicho. Dawa ikiingia katika mshipa, mtu anaweza kupofuka papo hapo. Silikoni nayo ikipigwa haitoki. Inaweza kuleta vinundu miaka mingi baadaye. Na sindano iliyotumiwa kwa mwingine inaweza kuleta ukimwi au ugonjwa wa maini. Kwa hilo tunasema wazi: usikubali, hata kama bei ni ndogo, hata kama anayepiga ni rafiki.

Namna upasuaji unavyofanywa

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, munganga anapita ndani ya kope, upande ule mwekundu unaogusa jicho. Nje hakuna kovu. Njia hii ilielezwa huko Paris na munganga Bourguet tangu mwaka 1924. Inafaa hasa kwa mtu ambaye ana mafuta lakini ngozi yake haijalegea. Ya pili, anakata nje, chini kidogo ya nywele za kope, ili aweze kupunguza na ngozi iliyolegea. Katika hiyo kovu linabaki, ingawa mara nyingi ni jembamba. Kama una historia ya makovu yanayovimba mwilini, mwambie munganga mapema.

Zamani walitoa mafuta mengi. Leo wengi wanatoa kidogo tu, au wanayahamisha kujaza shimo lililo chini yake, kwa sababu jicho lililotolewa mafuta mengi linabaki limeingia ndani, na mtu anaonekana mgonjwa.

Kazi yenyewe kwa kawaida inachukua saa moja hadi mbili. Mgonjwa anatiwa dawa ya kufisha maumivu mahali pale, pamoja na ya kumtuliza, au analazwa usingizi kabisa. Kuvimba na weusi wa damu vinakaa juma moja hadi mawili. Nyuzi za nje mara nyingi zinatolewa kati ya siku ya tano na ya saba. Sura ya mwisho inaonekana baada ya miezi kadhaa. Mikunjo ya pembeni ya jicho, ile ya kucheka, haiondoki kwa upasuaji huu.

Hatari zake

Jicho linaweza kukauka na kuwasha. Kope inaweza kuvutwa chini au kugeuka nje, hata jicho lisifunge vizuri. Ndiyo maana munganga mzuri atavuta kope yako kidogo na kuiachilia, aone kama inarudi haraka. Ikirudi polepole, atakuambia kwamba kope inahitaji kukazwa, au kwamba upasuaji haukufai. Mtu anaweza pia kuona vitu viwili viwili kwa muda, au kupata uchafu katika kidonda.

Hatari kubwa kuliko zote ni damu kuvuja nyuma ya jicho. Ni jambo la nadra: wanganga wanahesabu karibu mtu mmoja kati ya 2,000, na wengi wao hawapotezi kuona. Lakini likitokea, damu inasukuma jicho na kubana mshipa wa kuona. Mshipa huo hauvumilii kwa muda mrefu. Ndani ya saa mbili hivi madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Mara nyingi linatokea katika saa 24 za kwanza, wakati mgonjwa amekwisha kutoka hospitali na amelala.

Usiende kwa siri

Sasa muone kwa nini tunasema siri ni hatari. Mwanamke anaaga nyumbani kwamba anaenda Kampala au Nairobi kutafuta bidhaa. Anapasuliwa, analala peke yake katika chumba cha hoteli, macho yamevimba hata haoni vizuri namba za simu. Usiku jicho linaanza kuuma. Anafikiri ndivyo inavyokuwa, anameza kidonge, anageuka ukutani. Asubuhi ni kuchelewa.

Mwenzake aliyeketi kando ya kitanda angeona tofauti. Kwa hiyo msindikizaji ajue alama hizi:

– maumivu makali ya jicho moja, yanayoongezeka;
– jicho linatokeza mbele au limekuwa gumu;
– uvimbe wa upande mmoja unakua haraka;
– kuona kunapungua: mgonjwa hawezi tena kuhesabu vidole.

Usiku huo wa kwanza mwamshe kila baada ya saa chache, muulize vidole ni vingapi, jicho moja kisha jingine. Ukiona alama moja tu, piga simu kwa munganga na mrudishe hospitali palepale, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Usalama unaanza kabla ya siku yenyewe. Mweleze munganga magonjwa yako yote: tansio, sukari, goita, macho makavu. Mwambie dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji. Aspirini na ibuprofeni zinafanya damu isigande. Atakuambia lini uziache. Lakini usiache peke yako dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo.

Baadaye, lala chali, kichwa juu ya mito miwili. Vitambaa baridi na safi vinasaidia siku mbili za kwanza. Kwa juma mbili usibebe bidoni ya maji, usifunge mtoto mgongoni, usiiname kupuliza makala, usisugue macho, ujikinge na vumbi na jua. Hapa tena siri inashindikana: nani atabeba maji kama nyumbani hakuna anayejua? Kikundi kinachojua kinaweza kugawana kazi hizo, kama tunavyofanya kwa mzazi.

Maulizo ya kupeleka kwa munganga

Andika kwenye karatasi, usione haya kuisoma mbele yake:

1. Umejifunza wapi upasuaji wa kope, na umeufanya mara ngapi? Hapa kwetu kila munganga anapaswa kuandikishwa kwenye Ordre des Médecins. Uganda na Kenya nazo zina baraza linaloandikisha wanganga, na jina linaweza kuulizwa huko.
2. Utapita ndani au nje ya kope, na kwa nini kwangu mimi?
3. Nionyeshe picha za watu wenye ngozi kama yangu, kabla na baada.
4. Nani atanilaza usingizi? Je, kuna oksijeni?
5. Usiku nikipata shida, nani atashika simu, na mlango gani utafunguliwa?
6. Bei yote ni ngapi, pamoja na dawa, matibabu ya kurudi, na kama kitu kikiharibika?

Munganga anayekasirika kwa maulizo haya, au anayekusukuma ulipe leo ili upunguziwe, mwache. Mifuko hii haiui mtu. Ina muda wa kungoja.

Juu ya pesa, hesabu pia safari, chumba cha watu wawili, na siku saba hadi kumi za kukaa karibu na munganga kabla ya kurudi. Usitegemee mutuelle, kwa kawaida hailipi upasuaji wa urembo. Zamu yako ya likelemba ni yako, lakini ikiwa ada ya shule ya watoto imo ndani yake, ngoja zamu nyingine. Na ikiwa anayetaka upasuaji ni bwana na si wewe, jibu lako la hapana linatosha.

Kwa viongozi wa vikundi tunaomba jambo moja. Dada akikuja kuwaambia shauri hili, msilipeleke sokoni. Mchague kati yenu mmoja wa kumsindikiza, mkamkabidhi karatasi yenye zile alama nne za usiku wa kwanza. Ikate katika ukurasa huu, muiweke pamoja na kitabu cha kikundi.