Watoto wa Jukwaani (2): Buster Keaton na Uso Usiocheka

Wiki iliyopita tulimwangalia Charlie Chaplin, ambaye umaskini ulimsukuma jukwaani angali mdogo. Buster Keaton alizaliwa humo humo. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wakizunguka miji midogo ya Marekani na maonyesho ya wauza dawa, na walikuwa safarini alipozaliwa Piqua, Kansas, tarehe 4 Oktoba 1895. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1960, anausimulia utoto wake bila manung'uniko. Basi tujiulize: mtoto aliyerushwa kama furushi mbele ya watu alikuwa akifundishwa kazi, au alikuwa akionewa?

Tuanze na mchezo wenyewe. The Three Keatons, yaani Buster na wazazi wake, walikuwa wasanii wa vodevili, maonyesho ya vipande vifupi vinavyofuatana: mwimbaji, mwanasarakasi, mbwa waliofunzwa, mchekeshaji. Katika kipande chao, baba anajaribu kumtia adabu mtoto mtukutu. Mtoto anamchokoza, baba anamdaka na kumrusha kwenye mapazia au kule chini wanakokaa wapiga muziki. Mgongoni mwa nguo za Buster palishonwa mpini wa sanduku la safari, ili baba apate pa kushikia.

Asiumie vipi? Keaton anaeleza kwamba siri ni kuulegeza mwili wote, kisha kuupunguza mshindo kwa mguu au mkono kabla ya mgongo kufika chini. Anayejikaza ndiye anayevunjika. Alianza mapema mno hata kuanguka kukawa tabia ya mwili wake, hakuhitaji tena kufikiri.

Uso nao ulifundishwa. Mtoto aligundua kwamba akicheka yeye, watu hawacheki. Akiamka vumbi tupu, uso mkavu, ukumbi unavunjika mbavu. Baba yake akimwona anaanza kutabasamu, alimnong'oneza akaze uso. Uso ule ambao baadaye ulijulikana dunia nzima ulitokana na kuwasoma watazamaji, usiku baada ya usiku.

Mjini New York, chama cha kuzuia ukatili kwa watoto kilimwandama Joe kwa miaka. Buster anasimulia jinsi alivyovuliwa nguo mbele ya wakubwa wa mji wakitafuta michubuko, wasiione. Anaeleza pia, kwa mzaha, kwamba sheria iliwakataza watoto kufanya sarakasi lakini haikumkataza baba kumpiga teke mwanawe, na Joe akapenya hapo. Shule nayo, kwa maelezo yake, alihudhuria siku moja tu: kila alipoulizwa swali alijibu kwa mzaha wa jukwaani, akarudishwa nyumbani.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, ameutoa Keaton mwenyewe bila kuutilia mkazo. Usalama wake wote ulitegemea mikono ya mtu mmoja. Joe alipozama katika ulevi, mikono hiyo ikapoteza kipimo, na mchezo uleule ukawa hatari tupu. Mwaka 1917 Buster na mama yake wakaachana na kikundi. Kwa hiyo ufundi ulikuwa wa kweli, na mtoto hakuwa na kinga yoyote zaidi ya baba kuwa na akili timamu. Wale wa chama cha watoto walikosa michubuko, ila hofu yao haikuwa ya bure.

Mwaka huohuo alikutana na Roscoe Arbuckle aliyekuwa akitengeneza filamu New York. Jambo la kwanza alilolitaka Keaton ni kuifungua kamera aone inavyofanya kazi. Tangu hapo kipimo kikawa mikononi mwake. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anapona kwa kuwa amesimama palepale inapotua nafasi ya dirisha, inchi chache tu kila upande. Ukuta ulikuwa mzito wa kweli. Hesabu ilifanywa kabla, naye akasimama alipotakiwa bila kutikisika.

Mwaka huo pia alisaini mkataba na studio ya MGM, uamuzi aliouita kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Studio iliandika kila kitu mapema na kumnyima uhuru wa kubuni papo kwa papo. Pombe iliyomwangusha baba ikamfikia mwana, na mwaka 1933 akafukuzwa kazi. Baadaye alirudi kwenye studio hiyohiyo, akiwabunia wengine vichekesho kwa mshahara mdogo.

Hukumu yangu ni hii: jukwaa lilimpa Keaton kazi, lakini halikumfundisha kuishi bila kazi hiyo. Mtoto huyu alijua kuanguka mbele ya watu pekee. Aliyelelewa hivyo, siku akinyang'anywa kazi, hana pengine pa kusimama.

Wiki ijayo: Stan Laurel, mtoto wa meneja wa majumba ya maonyesho huko Uingereza.