Nilipungua Kilo 27, Wakasema Ninaumwa

Mama mpendwa, hapa kwetu Dodoma ukikutana na mtu ambaye hamjaonana siku nyingi akakwambia, "Jamani, umenenepa!" hiyo ni sifa. Maana yake unakula vizuri, mume anakutunza na nyumba ina amani. Lakini akikwambia, "Mbona umekonda hivyo?" sauti yake hushuka, na macho yake huanza kutafuta jambo ambalo mdomo unaogopa kulitaja.

Mimi nimesifiwa kwa unene na nimenong'onwa kwa kukonda. Naandika haya kwa sababu najua wapo akina mama wengi wanaopita njia hii.

Siku mzani uliposema kweli

Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka 20 nimepima watu uzito na shinikizo la damu, na baada ya kazi hujitolea kanisani kutembelea wagonjwa majumbani hapa Miyuji. Lakini mimi mwenyewe sikupanda mzani. Nilikuwa nasema, "Mwili wangu ndivyo ulivyo, hata mama alikuwa hivi."

Unene wangu haukuja siku moja. Ulianza baada ya mtoto wa tatu, ukaongezeka kwa zamu za usiku. Saa sita usiku nilikula chipsi mayai na soda ili nisisinzie, na asubuhi nilipofika nyumbani nilikunywa chai na maandazi kabla ya kulala. Mji nao ulibadilika. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, vibanda vya chipsi vilifika hadi mitaani kwetu, na mahali tulipokuwa tukienda kwa miguu sasa tunaita bodaboda.

Siku moja mwanafunzi wa uuguzi aliomba ajifunze kupima shinikizo kwenye mkono wangu. Alitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Sista, nadhani mashine imeharibika."

Mashine ilikuwa nzima. Shinikizo langu lilikuwa 172 kwa 104. Kesho yake nilipima sukari kabla ya kula nikapata 8.1. Daktari akarudia kipimo siku nyingine, nacho kikasema vilevile. Kwa mtu ambaye hajala, kuanzia 7.0 ni kisukari. Nilipopanda mzani, ulisimama kwenye kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 160 tu.

Wala sikuwa peke yangu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wapatao 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Sisi tunaita afya njema.

Nilivyopungua

Sikutumia chai za kupunguza unene wala vidonge vya kuharisha. Nilimeza dawa nilizoandikiwa na daktari, kisha nikaanza na sukari ya kwenye chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 15. Ukiongeza soda moja, ambayo peke yake ina vijiko vya chai 8 au 9, unaona mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama vijiko 12 kwa siku, na ingekuwa vizuri vipungue hadi sita.

Pili, nilibadilisha sahani yangu. Nusu niliweka mboga: mlenda, mchicha au majani ya kunde. Robo niliweka ugali, na robo iliyobaki maharage, dagaa au kipande cha kuku. Wengi huniuliza kama siri ni ugali wa mtama au uwele. Ni chakula kizuri cha wazee wetu, lakini nao ni wanga. Ukila mlima wake utanenepa vilevile. Mafuta nayo niliacha kumimina kutoka kwenye chupa, nikapima kwa kijiko.

Tatu, nilitembea. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi na jirani yangu tulishika njia kuelekea barabara ya Arusha, nusu saa, siku tano kwa juma. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Dodoma hukata masikio, nanyi mnaujua. Tulijifunga khanga kichwani tukaenda. Kule Marekani utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, wakitembea dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito kidogo tu, hatari yao ya kukipata ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa nimeshakipata, lakini nilijua mwili bado husikia.

Mwezi wa kwanza nilipungua kilo nne. Mwezi wa nne na wa tano sikupungua hata kidogo, nikalia. Baada ya miezi 14 nilikuwa na kilo 71. Shinikizo likashuka hadi 128 kwa 80, sukari 5.9, na magoti yakaacha kuuma. Daktari alinipunguzia dawa, hakuniachisha.

Sitawaficha mengine. Ngozi ya mikono ilining'inia, mashavu yakaingia ndani, na magauni yangu ya kitenge yakawa kama ya kuazima.

Kikombe cha plastiki

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwanza walinipa pole bila kusema ya nini. Kisha nikasikia kwamba sokoni imesemwa nimekanyaga miwaya. Mama mkwe alisafiri kutoka Mpwapwa na debe la karanga na kuku wawili. Akanikalisha jikoni akaniuliza, "Mwanangu, mume wako anakunyima chakula, au kuna jambo?"

Alhamisi moja baada ya ibada ya akina mama tuliketi kunywa chai kama kawaida. Wenzangu walipewa vikombe vya udongo. Mimi nililetewa kikombe cha plastiki, kile cha kutumia na kutupa. Hakuna aliyesema neno. Nilikunywa chai ile, lakini haikupita kooni vizuri.

Nyumbani nako, baba watoto alikaa kimya siku mbili. Rafiki zake walikuwa wamemuuliza. Siku ya tatu akasema, "Mama, kuna kitu hujaniambia?" Niliumia, kwa kuwa alikuwa ameona kila siku nikipima mafuta kwa kijiko. Lakini hofu haina macho. Tulikwenda kupima pamoja, tukarudi tumeshikana mikono. Usiku ule nilikunja karatasi ya majibu nikaiweka ndani ya Biblia. Niliazimia kuisoma mbele ya kikundi chote Alhamisi inayofuata.

Jumatano nilimtembelea mama mmoja ninayemhudumia. Sitasema anakaa wapi wala anasali wapi, naye ameniruhusu kuandika haya. Anaishi na virusi vya UKIMWI na anameza dawa miaka mingi. Nilimweleza kikombe changu na karatasi yangu, nikitegemea anifariji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, ukiwaonyesha karatasi yako, sisi wengine tutaonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilikuwa nikiingia nyumbani kwake na kula naye. Lakini nilipotuhumiwa mimi, nilikimbia kutafuta cheti cha kunitenga naye.

Hofu hii ilikotoka

Lazima tuwe wakweli, akina mama: hofu ya kukonda haikutoka hewani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Kule watu waliuita Juliana, na ng'ambo ya mpaka Uganda wakauita silimu, kwa sababu uliwakausha watu hadi wakabaki mifupa. Tuliozika ndugu miaka ile hatuwezi kusahau sura hizo.

Lakini mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini. Anayezimeza vizuri hunawiri, hufanya kazi na hulea wanawe. Virusi vikipungua hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Kikombe, sahani na kukumbatiana havijawahi kuambukiza. Na hakuna awezaye kumtambua mtu mwenye virusi kwa kumtazama, awe mnene au mwembamba.

Alhamisi ile karatasi niliiacha nyumbani. Nilimwomba mwenyekiti wetu robo saa. Nikawaambia nina kisukari na shinikizo la damu, na nimepungua kwa makusudi. Kisha nikasema, "Kuhusu ule ugonjwa mwingine, sitawajibu. Hakuna dada anayepaswa kuonyesha cheti ndipo apewe kikombe." Baada ya hapo nikawafundisha haya niliyoyaandika.

Palikuwa kimya. Yule aliyeniletea kikombe cha plastiki hajaniomba msamaha mpaka leo, nami nimeacha kusubiri. Ila siku ile chai ililetwa kwa vikombe vya aina moja, na juma lililofuata akina mama wawili walikuja kwangu kupimwa shinikizo. Mmoja lilikuwa juu kuliko langu la kwanza.

Mama mwenzangu, shika haya

Ukitaka kupungua, anza kwa kupima shinikizo na sukari, na usiache dawa bila daktari kusema. Pungua polepole.

Ukipungua bila kukusudia, nenda hospitali, hasa ukipoteza zaidi ya kilo 5 katika kila 100 za uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa mwenye kilo 70 hizo ni kama kilo tatu na nusu. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI, saratani, au huzuni iliyokaa moyoni. Mengi ya hayo yana tiba ukiwahi. Usijifiche ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Na ukimwona mwenzako amekonda, usimuulize mbele za watu. Nenda kwake, keti, saidia kuchambua mchele. Akitaka kusema atasema.

Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alivutiwa na umbo la mtoto wa kwanza, na Mungu akamrekebisha, kwa kuwa Yeye hutazama moyo. Nabii mzima alihitaji kukumbushwa. Sisi je? Bwana atusaidie kutunza miili aliyotupa, na kutopima miili ya wenzetu kwa macho.