Usiitupe mizani kwa kosa la waya

Msimu wa maharage ukifika nyanda za juu za Kasulu, mzigo haumngoji mtu. Tuseme kuna ghala pale Titye lenye mizani ya kielektroniki ya miaka mingi, lakini nzima: ukipandisha gunia, namba inapanda, inatulia, inasomeka. Iliyokufa ni kompyuta ya mezani iliyokuwa ikipokea uzito na kuchapa risiti. Imeletwa laptopu mpya, nayo haina lile tundu la pini tisa. Karani ananunua waya wa kugeuza kuwa USB, anachomeka, kimya. Anarudi kwenye daftari na kalamu, na kufikia siku ya tatu kila anayepita anamshauri anunue mizani mpya.

Asinunue. Katika visa vya namna hii mizani ni ya mwisho kushukiwa. Wa kwanza ni ule waya.

Tundu la pini tisa linafuata kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Umbo lake dogo tunalolijua lilienezwa na kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984. USB ilipotoka mwaka 1996, watengenezaji wa kompyuta walianza kulisahau tundu la zamani. Vifaa havikulisahau. Mashine za maabara za kuhesabu chembe za damu, vidhibiti vya jenereta, swichi za mtandao na redio za mawasiliano bado vinazungumza kwa pini hizo. Waya wa kugeuza ndio mkalimani wao, na wakalimani hawalingani.

Chipu kwanza, bei baadaye

Ndani ya kichwa cha waya mna chipu, na hiyo ndiyo unayoinunua; plastiki ya nje haikuambii kitu. Utakazokutana nazo zaidi ni za familia nne: FTDI ya Uskoti, Prolific ya Taiwan, CH340 ya kampuni ya WCH ya China, na CP210x ya Silicon Labs ya Marekani. CH340 ni ya bei ndogo na kwa kazi nyepesi kama mizani haina neno. Chipu za zamani za Prolific, hasa PL2303HXA, zinakataliwa na draiva mpya za Windows, kwa maelezo kwamba ziliondolewa sokoni mwaka 2012. FTDI husifiwa kwa uimara, lakini nakala zake bandia ni nyingi. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyokuja pamoja na masasisho ya Windows ilifuta utambulisho wa nakala hizo, zikawa hazitambuliki tena zikichomekwa.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kuchomeka. Nenda dukani na laptopu, chomeka waya, fungua orodha ya vifaa ya Windows iitwayo Device Manager. Ukiona alama ya njano, mrudishie muuzaji waya wake. Kama unaagiza Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, taja chipu kwa jina. Ukisema tu “waya wa USB wa pini tisa” utaletewa chochote.

Kuna mtego mwingine. Mafundi wa vifaa vidogo vya elektroniki huuziwa vibao vyenye nyaya nne, na baadhi hudhani ni kitu kilekile. Sicho. RS-232 hutuma moja kwa volti hasi na sifuri kwa volti chanya, kati ya 3 na 15. Vibao hivyo hutumia volti 0 na 3.3, au 0 na 5. Mha na Mrundi wakikutana sokoni husikilizana bila mkalimani. Hivi viwili havisikilizani, na ukilazimisha, kibao kinaweza kuungua.

Jaribio la waya mmoja

Chomoa mizani, ubaki na waya wa kugeuza peke yake. Elekeza pini kwako, safu ya pini tano ikiwa juu, kisha hesabu kutoka kushoto. Unganisha ya pili na ya tatu kwa kipande cha waya mwembamba: moja hupokea, nyingine hutuma, na sasa adapta inajisemesha yenyewe. Fungua programu ya bure ya PuTTY, chagua muunganisho wa siriali, zima udhibiti wa mtiririko, andika jina lako. Herufi zikirudi kwenye skrini, toa kile kipande uandike tena. Safari hii zisirudi. Mtihani huo wa pande mbili ukifaulu, adapta na draiva yake ni vizima, na laptopu haina kosa.

Hapo ndipo unarudi kwenye mizani, na dalili zitakuongoza. Ukipata herufi za ajabu, kasi hazilingani: nyingi hutumia 9600, lakini soma kitabu cha mashine au menyu yake. Ukipata kimya kabisa, angalia waya ulio kati ya adapta na mizani. Kuna ulionyooka, pini ya 2 kwenda ya 2, na kuna uliopishana, ya 2 kwenda ya 3. Ukiwa na usiofaa, pande zote mbili zinasema na hakuna anayesikia. Kisha angalia namba ya mlango. Programu nyingi za zamani zinaijua COM1 hadi COM4 tu, na Windows huenda imekupa COM7. Ibadilishe ndani ya Device Manager. Ukihamisha waya kwenye tundu jingine la USB namba inaweza kubadilika, basi weka alama ya kalamu kwenye tundu ulilozoea.

Wenye Linux wana nafuu: draiva za familia zote nne zimo tayari, na kifaa hujitokeza kama ttyUSB0. Ukinyimwa ruhusa, jiunge na kikundi cha dialout. Kwenye Ubuntu 22.04, programu ya wasioona iitwayo brltty huinyakua CH340. Kama huihitaji, iondoe.

Mwisho, radi. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na waya mrefu kati ya mizani na meza ya karani ni njia nyingine ya kupitisha umeme. Wingu likitanda, chomoa. Kwa mashine ghali ya maabara, nunua adapta iliyotenganishwa kiumeme. Bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mashine.

Na kabla hujaagiza mizani mpya, unganisha pini ya pili na ya tatu.