Kiwanja na Jengo Visichanganywe: Mfano wa Soko la Owino

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumevaa mitumba ya Owino. Soko hilo la Kampala, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lilianza mwaka 1971 kando ya uwanja wa michezo wa Nakivubo. Liliungua Februari 2009, likaungua tena Julai 2011, na tena Desemba 2013. Baada ya hasara kama hiyo hutakiwa kujengwa upya, na iwe ni soko, karakana au kambi ya wafanyakazi shambani, kitu cha kwanza tunachoonyeshwa ni picha ya kompyuta yenye kuta safi na paa jipya. Inafaa tujue picha hiyo hutengenezwaje, maana riziki ya watu imo ndani yake.

Siku hizi wasanifu hutumia programu kama Revit na ArchiCAD. Humo hawachori mistari mitupu, bali hujenga modeli: ukuta una unene, kimo na aina ya tofali. Ukisogeza mlango, michoro yote na hesabu ya vifaa hubadilika pamoja. Lakini modeli isipopangwa vizuri huleta hasara. Utaratibu wake ni huu.

Kwanza, kiwanja kiwe na faili lake. Humo huingia kazi ya mpima ardhi: mipaka, miinuko na mabonde, barabara, mifereji na majengo ya jirani. Kwa Owino, faili hilo lazima lionyeshe mfereji wa Nakivubo, unaopeleka maji ya mvua ya mji upande wa Ziwa Viktoria.

Pili, kila jengo liwe na faili lake. Sakafu ya chini huitwa sifuri, na jengo huchorwa likiwa limenyooka hata kama uwanjani litakaa mshazari. Hivyo fundi wa jengo moja hamzuii mwenzake wa jengo la pili, na faili haliwi zito.

Tatu, mafaili yaunganishwe, yasinakiliwe. Nakala huchakaa siku ile ile ya asili kubadilishwa. Kiungo husoma faili lenyewe, na likipakiwa upya huonyesha mabadiliko. Kibanda huchorwa mara moja kikapangwa mara mia, na mlango wake ukirekebishwa, vyote mia hurekebishika. Hapa pana faida, na pana hatari pia. Fundi cherehani, mwenye marobota ya nguo na mama anayepika chakula hawawezi kutumia kibanda cha namna moja. Moshi wa jiko unataka njia yake. Basi aina za vibanda ziwe nyingi kadiri ya kazi zilizomo.

Nne, vipimo viwe na asili moja. Katika gridi ya wapimaji, Kampala iko zaidi ya kilomita 450 kutoka sifuri ya upande wa magharibi. Ukichora jengo mbali hivyo na sifuri ya programu, mistari huharibika na vipimo hukosa usahihi. Kwa hiyo jengo hukaa karibu na sifuri yake, na faili la kiwanja ndilo huliambia: simama hapa, elekea huku, sakafu yako iwe kimo hiki juu ya usawa wa bahari. Mtu mmoja awe mlinzi wa vipimo hivyo, na mwingine asiviguse bila kumwarifu.

Kosa la kimo si dogo. Sakafu iliyoitwa sifuri bila kulinganishwa na kiwanja yaweza kukaa chini ya maji ya mafuriko. Kwenye picha haitaonekana. Itaonekana siku ya mvua, mzigo ukiwa umelowa.

Basi mkiitwa kuonyeshwa ramani, msiridhike na jengo peke yake. Ombeni lionyeshwe juu ya kiwanja chake, kisha mwulize: Ardhi ilipimwa lini? Wanaouza vichochoroni walihesabiwa? Maji yatapita wapi? Gari la zimamoto litaingilia wapi na kugeukia wapi? Asiyehesabiwa kiwanjani hatachorewa nafasi katika jengo, na asiyechorewa atatafutiwa nafasi baadaye, ikiwa itapatikana.

Hatusemi kompyuta ni adui. Modeli iliyopangwa vizuri humpa mfanyakazi nafasi ya kuona kosa wakati kulisahihisha ni kazi ya saa moja, kabla saruji haijamwagwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twendeni mikutanoni pamoja, tuulize pamoja, na majibu yaandikwe.