Kujiandaa kwa Mtihani wa GMAT: Somo la Ufahamu Lenye Hesabu Ndani Yake

Wanafunzi wanaotaka kusomea uzamili wa biashara ng'ambo hutujia mara kwa mara wakiuliza namna ya kujiandaa kwa mtihani wa GMAT. Baadhi yao hustaajabu kuelekezwa kwa walimu wa Kiswahili. Sisi hatustaajabu. Mtihani huo hutolewa kwa Kiingereza, hesabu zake nyingi ni za kiwango cha sekondari, na wengi tuliowasaidia hapa Kinindo walikwama katika kusoma, si katika kukokotoa. Tena ada yake inazidi dola 200 za Marekani, na anayerudia hulipa upya.

GMAT ulianza mwaka 1954 ukafanywa kwa kompyuta tangu 1997. Muundo wa sasa, uliozinduliwa Novemba 2023, una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu (maswali 21), ufahamu na hoja (23), na uchambuzi wa data (20). Alama ni kati ya 205 na 805. Insha na masahihisho ya sarufi vimeondolewa, jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatukulifurahia sana.

Kompyuta haiwapi watahiniwa wote maswali yaleyale. Ukijibu sawasawa, maswali huelekea kuwa magumu zaidi, ukikosea, hulegea. Kwa hiyo anayeona jasho linamtoka asidhani anafeli. Mwishoni mwa kila sehemu, ikiwa muda umebaki, unaruhusiwa kurudi nyuma na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kuacha maswali bila kuyafikia hupunguza alama, hivyo afadhali ubahatishe.

Aina moja ya swali huwasumbua wengi. Mathalani: mchuuzi aliuza kilo 40 za ndagala na mikeke, kilo za ndagala zilikuwa ngapi? Taarifa ya kwanza: ndagala zilikuwa mara tatu ya mikeke. Taarifa ya pili: mikeke iliuzwa ghali kuliko ndagala. Mtahiniwa haulizwi jibu, bali ni taarifa ipi inayotosha kulipata. Ya kwanza inatosha peke yake, ya pili haisaidii. Wanafunzi wetu hukazana kuandika kilo 30, kumbe dakika zinakwenda, na kila swali lina dakika mbili hivi tu.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa. Kwetu mkato hutenga desimali. Katika mtihani huu mkato hutenga maelfu, na desimali huwekewa nukta. Mwanafunzi mmoja aliisoma 1,250 kuwa moja na robo, akashangaa mbona hakuna jibu linalolingana na lake. Vilevile bilioni ya Kiingereza ni milioni elfu moja, yaani ile tuiitayo miliari, ilhali bilioni ya Kifaransa ni milioni mara milioni. Kiswahili sanifu kimefuata mkondo wa Kiingereza, kwa hiyo aliyejifunza kusoma tarakimu katika madarasa yetu ana nafuu.

Kwa upande wa hoja, tumeona faida ya kuanza mazoezi kwa Kiswahili. Tunawapa maelezo kama haya: duka lilipunguza bei ya sabuni, mauzo yakapanda, kwa hiyo bei ndiyo iliyovuta wateja. Kisha tunauliza, msemaji amechukulia nini bila kukitaja? Labda duka la jirani lilifungwa mwezi uleule. Mwanafunzi akishaizoea tofauti kati ya ushahidi, dhana na hitimisho katika lugha anayoimudu, tunamhamishia kwenye matini za Kiingereza. Hapo kinachobaki ni msamiati, hasa viunganishi vya kukanusha na kutenga.

Waandaaji hutoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio. Ufanye mmoja mapema ili ujue ulipo, na wa pili uuweke akiba hadi wiki za mwisho, ukae dakika zote bila kuinuka ovyo. Unaweza pia kufanyia mtihani wenyewe nyumbani, ila uwe peke yako chumbani mbele ya kamera, na umeme na intaneti visikatike. Nyumba yenye watoto wengi haifai. Jina la usajili lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi.